Kifuniko cha Pembe Sita

Vwawa, 14 Juni 1953

Kwa kaka yangu Yonasi Nzunda, Kompaundi ya Nkana, Rodeshia ya Kaskazini.

Kaka, pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama hadi kuku wake. Sisi tu wazima. Mama magoti bado yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anapalilia kama msichana huku akitutukana sote kwa uvivu. Mke wangu Roda anakusalimu sana. Kahawa imebeba mpaka matawi yameinama. Kila Jumapili mama ananiuliza kama huko mgodini chini ya ardhi mnapewa chakula cha kushiba, nami humjibu kwamba mnakula nyama mpaka mnaichoka. Usiniumbue ukirudi.

Sasa kaka, tafuta mahali ukae. Nina gari.

Si lori. Lori za Bedford na Chevrolet zimejaa barabara yetu mpaka mbwa hawazibwekei tena. Hili ni gari la kukaa watu watano, la kijani kama jani changa la mgomba, viti vya ngozi, mbele ya dereva kuna saa inayotembea yenyewe, na honi ina sauti mbili. Linaitwa Orveli. Lilikuwa la Bwana Delmo, yule mlowezi Mbelgiji aliyetoka Kongo akalima kahawa ng'ambo ya mto. Amerudi kwao, na gari hakuweza kulibeba mgongoni. Usukani uko kushoto, hivyo dereva hukaa ukingoni mwa barabara kama mtu anayetaka kushuka. Watu wamecheka wiki moja, sasa wananiomba niwapandishe.

Toka Mbeya mpaka Tunduma hakuna lingine. Nimeuliza. Fundi mmoja wa Mbeya ameniapia kwamba nchi nzima hajaliona. Ulishawahi, kaka, kuwa na kitu ambacho mwingine hana? Mimi sijawahi. Hata shati langu la kipaimara lilikuwa lako.

Kitabu chake kimeandikwa Kifaransa. Padre wa misheni, kwa kuwa kwao Kanada wanasema Kifaransa, ananisomea kurasa mbili kila baada ya misa.

Najua utauliza nimelipataje. Njia ilipatikana. Tutaongea ukija.

Mdogo wako,
Nikodemo

*

Nkana, 20 Julai 1953

Mdogo wangu Niko,

Barua yako imenikuta mzima, na salamu zako nimezigawa kwa watu wa kwetu waliopo hapa. Mwenzangu wa chumba, Watson, Mnamwanga wa Mwenzo, alinisomea kipande cha mbwa na lori mara mbili kwa kukipenda. Mwambie mama nyama ipo. Mwambie pia asiache kuvaa ile blanketi niliyomtumia; asiiweke sandukuni akingoja siku ya kuzikwa.

Kuhusu gari nimefurahi, na nina maswali ya mtu mzee. Likivunjika kitu, kitu hicho kinauzwa wapi? Hapa kompaundi karani mmoja alinunua gari la namna hiyo, geni, zuri, limenyooka kama bibi harusi. Alitembea nalo miezi minne. Sasa kuku wa mkewe wanalala ndani yake. Mwenye Bedford akivunjikiwa huenda kwa Mhindi yeyote, akanyoosha kidole dukani na kupewa. Mwenye gari la peke yake huvunjikiwa peke yake.

Lakini limeshanunuliwa, basi nakuombea mema. Mkataba wangu unaisha baada ya Krismasi. Nitashuka Tunduma kwa basi, nawe uje unichukue na hilo Orveli, nipige honi ya pili mbele ya nyumba ya mama. Hilo nimeanza kuliota.

Mimi sijambo. Nina kikohozi kidogo, ni vumbi tu.

Nisalimie Jemadari na Baridi. Je, ile pembe ya Jemadari iliyochubuliwa na nira imepona? Wasifanyishwe kazi sana. Wale maksai niliwafundisha mwenyewe wangali ndama. Na wale ng'ombe wanne wengine, yupo aliyezaa? Niandikie.

Kaka yako,
Yonasi

*

Vwawa, 30 Agosti 1953

Kaka Yonasi,

Salamu kwako na kwa Watson ambaye simjui ila nimempenda. Mama anavaa blanketi, hata wakati wa kupika, na imeshaungua pindo moja. Roda ni mjamzito, tunamshukuru Mungu. Kahawa tumeanza kuichuma.

Kaka, gari limesimama.

Nianze mwanzo. Mwezi wa Julai wote nilikuwa mtu. Nilibeba maharusi wawili, mmoja wa Mbebe, ambako hawajawahi kuona gari la kukaa likipanda ule mlima wao, wakalitandikia khanga barabarani. Kisha Padre akaniambia Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, naye angependa kupokewa kwa Orveli. Askofu, kaka! Katika gari langu!

Jumamosi ya kuamkia ujio wake nilikwenda Mbeya na kurudi ili kununua petroli. Nilipofika nikakumbuka kitabu kinasema gari lioshwe kila Jumamosi. Padre alinisomea hivyo kwa kinywa chake. Hakunisomea kwamba ni nje tu, au alinisomea nami nikawa natazama picha. Nikafungua boneti nikaona injini ina vumbi, nikaona aibu Askofu asije akatazama, nikaimwagia ndoo mbili za maji ya kijito. Injini ilikuwa bado ya moto. Nilisikia tu mlio mdogo, kah, kama yai linalopasuka.

Kilichopasuka ni kifuniko. Ni kitu cheusi, kinatosha kiganjani, kina pembe juu yake, na kila pembe huchomekwa waya unaopeleka moto kwenye plagi. Jina lake kwa mafundi ni kifuniko cha distribyuta. Bila hicho injini ni jiwe. Askofu alikuja kwa lori la kahawa, amekaa mbele na dereva, soksi zake nyeupe zikiwa nyekundu kwa vumbi.

Nilimleta fundi wa Mbeya. Kwanza spana zake zote za Kiingereza hazikuingia kwenye nati za gari hili. Nyingine ndogo kidogo, nyingine kubwa kidogo. Kisha akakigeuza kifuniko, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayenipa maiti ya mtoto. Akasema: "Bwana, ungevunja ekseli ningechomea. Hiki hakichomewi. Hiki huzaliwa kiwandani." Tumekijaribu kwa nta, kwa lami, kwa uzi. Cheche zinakimbilia kwenye ufa.

Huko mko karibu na Kongo, na Wabelgiji wa Kongo ndio wenye magari haya. Nakuomba kaka, kwa jina la tumbo tulilotoka, nitafutie kifuniko. Usimwambie mama kwamba limekufa. Kila asubuhi nalifuta, naye anadhani naliandaa kwa safari.

Ndimi,
Nikodemo

*

Nkana, 11 Oktoba 1953

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na hongera kwa Roda. Akizaa wa kiume asiitwe Delmo.

Nimecheka kuhusu Askofu, halafu nikajuta kucheka. Nimetembea Jumapili tatu nikitafuta kitu chako. Nimekwenda kwa wauza vyuma chakavu wa Nkana, nikapanda lori mpaka Chingola. Kila mmoja ananiuliza: gari gani? Nikitaja anaomba nirudie. Mmoja alinifukuza akidhani namtania. Mwishowe mzee mmoja mwenye uwanja wa magari mabovu alinionyesha Orveli lililopinduka, limeota majani mpaka madirishani. Kifuniko kilikuwepo. Nimekipangusa, nimekifunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa. Anakuletea mtu wa Chitete anayerudi kwao. Mpokee vizuri, maana anaacha njia yake kwa ajili yetu.

Mimi sijambo. Wamenihamishia kazi ya juu, kufagia karakana. Hewa ni nzuri zaidi.

Hukunijibu kuhusu ng'ombe. Labda ulisahau kwa ajili ya fujo ya gari. Jemadari anaendeleaje? Niambie lolote utakaloniambia, Niko, mimi nitalisoma.

Yonasi

*

Vwawa, 22 Novemba 1953

Kaka mpendwa,

Nakusalimu nikiwa na haya. Mama mzima, Roda mzima, amevimba miguu kidogo. Mtu wa Chitete alifika, tulimchinjia jogoo, akala, akalala, akaondoka akitubariki. Sikufungua kopo mpaka alipokwenda, ili nisilie mbele ya mgeni, nikidhani nitalia kwa furaha.

Kaka, kifuniko kina pembe nne. Cha kwangu kina pembe sita.

Ni kosa langu. Nilikuandikia soksi za Askofu na sikukuandikia idadi ya pembe. Kumbe Orveli ziko za injini ndogo na za injini kubwa, na Bwana Delmo kwa majivuno yake alinunua kubwa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiwa nimekishika, nikahesabu tena na tena, kana kwamba zingeongezeka. Na kuku, kaka. Ulisema kuku. Juzi nimeokota yai kwenye kiti cha nyuma. Roda alisema angalau sasa linaleta kitu nyumbani, nikamfokea, halafu nikatoka nje.

Wale walioomba kupanda sasa wakipita husimama wakaliuliza gari hali yake. "Hujambo, Orveli? Umeamkaje?" Kisha huniuliza mimi nitaliuza kwa nani. Hakuna wa kulinunua. Linalonifanya nilitake ndilo linalowafanya wengine walikimbie.

Nitafutie tena. PEMBE SITA. Nimechora nyuma ya karatasi hii, ukubwa wake uleule, nimekiweka juu ya karatasi nikakizungushia penseli. Nisipolifufua gari hili sijui nitasimama mbele ya nani.

Kuhusu hayo mengine uliyoniuliza, mvua zimeanza vizuri.

Nikodemo

*

Nkana, 3 Januari 1954

Kwa Nikodemo Nzunda,

Anayeandika ni Watson kwa niaba ya kaka yako, maana mkono wake umechoka. Maneno ni yake.

Mdogo wangu, heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama na kwa Roda. Krismasi tuliimba. Mchoro wako niliutembeza mfukoni mpaka ukalainika. Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye treni za Elisabethville, kule Kongo, aliuchukua, akarudi na kifuniko. Pembe sita. Nimezihesabu, na Watson amezihesabu. Sikitumi kwa mtu. Nitakileta mwenyewe.

Kazi imeisha kabla ya mkataba. Daktari wa kampuni alinisikiliza kifua akaandika barua fupi. Nyumba ni ya wenye kazi, kwa hiyo mwisho wa mwezi natoka. Nitafika Tunduma kwa basi Jumamosi ya tarehe 6 Februari, na nitakungoja kwenye duka lile la vitambaa karibu na forodha, ambako mama alitununulia kaptura. Wasafiri wanasema mbele ya hapo daraja limekwenda na maji na mabasi ya Mbeya hayapiti. Kama ungekuwa na gari zima ungenifikia kwa njia ya juu, ya malisho. Huna, na dawa ya gari ninayo mimi. Nimecheka sana nilipoliona hilo. Fikiria la kufanya.

Mwambie mama nakuja. Usimwambie zaidi ya hapo.

Yonasi

Ndugu Nikodemo, chini hapa naandika mimi Watson na yeye hajui. Kikohozi si kidogo. Anatema damu tangu mwezi wa kumi. Zile Jumapili za kukutafutia kifuniko alikuwa akirudi namvua viatu kwa sababu hawezi kuinama. Usimwache pale Tunduma. Hawezi kutembea hata kutoka forodhani mpaka dukani.

*

Vwawa, 29 Januari 1954

Kwa kaka yangu Yonasi, itunzwe na mwenye duka la vitambaa, Tunduma, mpaka atakapofika.

Kaka, salamu fupi, anayeichukua barua anakwenda kwa miguu na yuko mlangoni. Mama anajua unakuja, ameanika mahindi ya pombe. Roda hajazaa.

Nakuja na gari. Usiulize kwa namna gani. Wenye lori wote wamekataa, wanasema njia ya juu ni tope mpaka ekseli na hawawezi kuua lori kwa ajili ya mtu mmoja. Machela nimeiwaza, lakini ni safari ya siku mbili na mvua hainyamazi, nawe usilowe hata kidogo. Orveli lina paa na vioo. Likifika hapo nitalitia kifuniko, nikulaze kiti cha nyuma, nikupeleke moja kwa moja hospitali ya misheni.

Kaa hapo hapo dukani. Nikichelewa siku moja ngoja, nikichelewa tatu ngoja. Usianze kutembea, kaka. Nakuomba. Usianze kutembea.

N.

*

Vwawa, 27 Februari 1954

Ng'ombe wako niliwauza. Wote sita. Niliwauza kwa Kasiani, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwezi wa Mei, siku nne kabla Bwana Delmo hajaondoka, na gari nililinunua kwa hao.

Nimekaa kando ya kitanda chako hospitalini Jumamosi mbili mfululizo nikiwa na maneno haya mdomoni. Mara ya kwanza nikazungumza juu ya bei ya kahawa. Mara ya pili nikakumenyea chungwa. Ndiyo maana naandika, na Roda atakuletea akija na uji. Salamu sikuzitia juu kwa sababu kila nikianza na salamu najificha humo nisitoke.

Ulinikabidhi ukaniambia: "Niko, hawa ndio nyumba yangu nikirudi." Nilisema ndiyo. Nilijiambia gari litabeba maharusi mpaka nikurudishie ng'ombe kumi badala ya sita, hutajua hata waliondoka. Nilipomwaga zile ndoo za maji niliwamwagia ng'ombe wako.

Nilipopata barua ya Watson nilikwenda kwa Kasiani nikapiga magoti kwenye samadi. Nilimwomba aniazime Jemadari na Baridi. Aliniuliza: "Unaniomba ng'ombe wa kaka yako ukamchukulie kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akaniletea nira mwenyewe, akanipa na mchungaji wa kuwaongoza. Tulilifunga Orveli minyororo, mimi nikashika usukani, maksai wakavuta. Siku mbili na nusu. Kila tulipopita kijiji watu walitoka wakicheka, na walipoona uso wangu wakaacha, wengine wakasukuma.

Pale Tunduma uliona. Ulikuwa umekaa kwenye gunia mbele ya duka, umekuwa mdogo kama suti iliyotundikwa. Sikujua nikukimbilie au nisimame mbele ya maksai nikuzibe usiwaone. Ukaita: "Jemadari!" Naye akageuza kichwa, nira na vyote, akakutafuta. Nilingoja uniulize. Ulisema tu: "Wamekonda." Ukatoa kifuniko kifuani kwako, ndani ya shati, kikiwa na joto lako.

Na kilifaa, kaka! Ilibidi nilizungushe kwa hendeli mpaka mikono ikatoka malengelenge, lakini liliwaka. Ulisema sauti yake ni tamu. Tuliwaacha maksai waje nyuma na mchungaji, tukaenda sisi wawili, nikakuona kwenye kioo unatabasamu, nikafikiri Mungu amenisamehe bila kunilazimisha kusema. Mpaka mtoni. Kivuko tulichopita kwenda, maji yalikuwa yamepanda, nami badala ya kungoja nikaingia, kwa kuwa gari linawaka na mimi ni mwenye gari linalowaka. Likazimika katikati. Maji yakaja mpaka kwenye viti.

Tulikaa humo saa nzima tukiwangoja ng'ombe wako waje watutoe na kutuvuta mpaka hospitali. Miguu yako majini. Uliniambia nikivue kifuniko kisilowe, ukakirudisha ndani ya shati, ukakikumbatia kukikausha, wewe ambaye ulikuwa unatetemeka. Sikusema. Katika saa ile nzima sikusema. Kama kifua kimekuzidi ni kwa maji yale, na maji yale ni mimi.

Unifanye utakavyo. Nimefanya kibarua kwa Kasiani tangu wiki iliyopita ili anirudishie hata mmoja. Mama bado hajui lolote ila kwamba mwanawe mkubwa yuko karibu, na kila siku anauliza kwa nini karibu ni mbali hivi.

Nikodemo

*

Hospitali ya Misheni, 3 Machi 1954

Niko,

Barua yako imefika haina salamu, na ndiyo ya kwanza niliyoisoma bila kutafuta kilicho nyuma yake. Sista anashika karatasi, mimi naandika mwenyewe, usijali mwandiko.

Nilijua. Kijana wa Kasiani alikuja kufanya kazi Nkana mwezi wa Septemba, akanisalimia kwa adabu akasema maksai wangu wako kwao na wana nguvu kweli, anadhani nimewauza mwenyewe. Siku hiyo nilikukasirikia mpaka nikashindwa kula. Niliapa sitakutafutia hata nati. Jumapili nikaamka nikaenda kutafuta. Nilikuuliza tena habari za Jemadari ili uingie mwenyewe mlangoni. Ulinijibu mvua. Lile lilikuwa baya kuliko ng'ombe.

Lakini na mimi nilikuandikia "vumbi tu". Sikukuandikia damu. Kwa hiyo tumedanganyana sawa, na maji ya mtoni usiyabebe yote; kifua kilikuwa kimekwisha kabla sijapanda basi. Daktari hapa ananena na mimi kwa upole sana, na wewe unajua maana ya daktari kunena kwa upole.

Sitaki kubaki hapa. Nataka nyumbani kwa mama. Jumamosi hii njoo unichukue. Gari usiliwashe, barabara ni mbaya nami sitaki kelele. Mwombe Kasiani maksai mara moja zaidi, waambie wavute polepole, mimi nilale nyuma niwaone migongo yao kupitia kioo cha mbele. Ukinikuta ninaongea, tutapiga ile honi ya pili mbele ya nyumba, mimi mwenyewe nitaibonyeza. Ukinikuta siongei, nilaze vilevile, funga vioo mvua isiingie, na honi ubonyeze wewe, ili mama ajue nimefika.

Kifuniko kiko chini ya mto wangu. Usikisahau, maana nchi nzima hakuna kingine.

Kaka yako,
Yonasi